Alale ndani au awe anaenda na kurudi? Maswali yenu kuhusu kuacha unga na pombe

SWALI: Anti shikamoo. Mi nipo Uyole, naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 27. Alikuwa anaendesha bajaji Mwanjelwa ila kabla ya hapo alikaa Tunduma anashusha mizigo kwenye malori, huko ndo alikoanza unga, mwanzo alikuwa anavuta tu na bangi ila sasa hivi tunaona alama za sindano mikononi. Simu za mama zimeondoka, mtungi wa gesi umeondoka, bajaji ya watu kaitelekeza na sisi ndo tumelipa deni. Juzi kikao cha ukoo kimeamua tuuze shamba la viazi kule Isyonje apelekwe soba hausi Dar, yani zile nyumba za kulala ndani mpaka mtu aache unga, miezi sita, baba anasema akae mbali kabisa na wale wenzake. Lakini nesi mmoja wa zahanati kaniambia kwa nini msimpeleke methadone, dawa ya kuachia unga, hapo Rufaa Mbeya, ni bure, anakunywa anarudi nyumbani. Baba kusikia hivyo kawaka, anasema huko ni kumtoa kwenye unga wa mtaani na kumuingiza kwenye unga wa serikali, alafu kila siku akirudi hapa si ataendelea kutuibia. Baba mwenyewe ana presha sitaki kumpandisha. Na huyu kijana siku nyingine anasema yuko tayari, siku nyingine haonekani siku mbili. Anti tufate lipi, mnunuzi wa shamba anataka jibu wiki hii. (Dada mtu, Uyole)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana hapo nyumbani. Kwanza kabisa mwambieni huyo mnunuzi asubiri. Sisemi shamba lina thamani kuliko mtoto, ila mnataka kuuza kitu cha familia nzima ili kulipia njia ya pili wakati njia ya kwanza hamjaijaribu na ipo hapo hapo mjini, mnapanda daladala tu.

Niseme wazi msimamo wangu: kwa kijana anayetumia unga, yani heroini, na ana nyumba ya kurudi na watu wa kumsindikiza kama nyie, anzeni na kliniki ya methadone. Soba hausi iwe akiba.

Najua kwenye ukoo mambo yanavyoamuliwa. Tatizo likishakuwa kubwa watu wanaona dawa yake lazima nayo iwe kubwa, mtu afungiwe, apelekwe mbali, itoke hela nyingi, ndo roho zinatulia kwamba tumefanya kitu. Nawaelewa kabisa maana mmechoka. Lakini kulala ndani sio tiba kali zaidi na kwenda na kurudi sio tiba nyepesi, ni vitu viwili tofauti. Cha kuuliza sio katusumbua kiasi gani, cha kuuliza ni anatumia nini, mwili wake ukoje, analala wapi na nani, na anaweza kufika kliniki kila siku au hawezi.

Tuanze na anachotumia maana hapo ndo pana jibu lenu. Unga una dawa. Bangi haina dawa ya namna hiyo, kokeini haina, mirungi haina, huko kazi kubwa inafanywa na ushauri na mazingira. Ila unga unayo, inaitwa methadone, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu serikali ilianza kuitoa Muhimbili Februari 2011, ikaenda Mwananyamala na Temeke, baadae ikatoka nje ya Dar na sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya inayo. Nasikitika sana nikiona familia ya Mbeya, Songwe au Njombe inauza mali kupeleka mtoto Dar wakati watu hawajui kwamba kliniki ipo kwao.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mdogo wako haamki asubuhi akatafute starehe, starehe iliisha zamani. Anaamka na arosto, yani mwili unadai unga. Umeshamuona bila shaka, anapiga miayo mfululizo, pua inachuruzika, mwili unamsimama vinyweleo, tumbo linakata, anaharisha, viungo vinauma mpaka hajui alaze wapi mguu, na kwa baridi ya Uyole ya mwezi wa sita unamkuta kajifunika mablanketi mawili na bado jasho linamtoka. Arosto ya unga inaanza masaa machache tu baada ya kete ya mwisho, yani kile kipakiti cha unga, siku ya pili na ya tatu ndo inakuwa mbaya kuliko zote. Mtu akiwa kwenye hali hiyo mtungi wa gesi hauoni kama mtungi wa gesi, anauona kama kete. Methadone inakaa mwilini muda mrefu, zaidi ya siku nzima, kwa hiyo ikifika dozi yake sawasawa arosto haiji, na ule mshtuko wa stimu haupo. Anabaki mtu anayeweza kula, kulala na kwenda kazini.

Pale dirishani kliniki wanapotolea dawa hakuna maajabu. Anataja jina, nesi anampimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, anakunywa hapo hapo mbele yake, anashushia maji, alafu anasemeshwa kidogo ili nesi ajue kameza kweli hajaificha mdomoni. Basi, anaondoka. Kesho tena. Wanaanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo wiki za mwanzo msishangae akisema bado mwili unauma, na msimruhusu aongezee na kete huku anasubiri dozi ipande, wala pombe, wala vidonge vya usingizi. Vikichanganyika hivyo pumzi inaweza kukata usingizini na asiamke.

Sasa la baba. Mwambie kwa heshima, ikibidi umtume shangazi au mjumbe anayemsikiliza. Baba anameza vidonge vya presha kila siku na hakuna anayesema kawa mraibu wa vidonge, tunasema anatunza afya yake asipooze. Mdogo wako naye ubongo wake umezoeshwa unga miaka, hauwezi kurudi kwa kufokewa. Ndiyo, methadone iko kwenye jamii moja na heroini na mwili unaizoea, hilo baba asidanganywe. Tofauti ni kwamba haina sindano ya kuchangia, haina kukimbizana na polisi, haina kutafuta hela kila baada ya masaa machache, na dozi anaijua daktari. Wezi wengi wa nyumbani walikuwa wanaiba kwa ajili ya arosto, arosto ikiondoka sababu kubwa ya wizi inaondoka nayo. Sio siku ya kwanza lakini, kwa hiyo miezi ya mwanzo simu mlale nazo na hela zisikae wazi, na msimwambie kila mara kwamba mnamlinda.

Kuna jambo moja kwenye soba hausi ambalo familia nyingi haziambiwi na linaniumiza sana. Soba hausi nyingi zinafanya kazi bila dawa, mtu anapambana na arosto mpaka inaisha, alafu anakaa kwenye ratiba, vikao, zile hatua 12 za kuacha ulevi, maombi, kazi za nyumba. Wapo waliopona kwa njia hiyo na nawaheshimu sana. Lakini mwili uliokaa miezi bila unga unapoteza ule uvumilivu wake. Siku anatoka akikutana na mwenzake wa zamani akapiga kiasi kile kile alichokuwa anapiga mwanzo, kinaweza kumuua siku hiyo hiyo. Wiki za kwanza baada ya kutoka soba au gerezani ndo kipindi cha hatari kuliko vyote kwa mtu wa unga. Kwa hiyo ukiniuliza miezi sita Dar alafu arudi Uyole bila dawa na bila mpango, mi naogopa zaidi ile siku ya kurudi kuliko hii leo.

Sijasema soba haifai. Ingekuwa mdogo wako analala maskani, yani kijiweni kwa watumiaji, hana ndugu, au chumba anachoishi wote wanapiga, ningesema mtoeni hapo haraka. Ingekuwa amejaribu kliniki kweli kweli na kila wiki anakosa siku, au anachanganya unga na pombe kali na vidonge, nako ningesema kulala ndani kuna maana. Kama anasikia sauti, anaongea peke yake, au anataka kujiua, hapo sio soba wala dirishani, ni wodi ya afya ya akili, leo hii. Na wengine wenyewe wanasema anti mi nikiwa karibu na hawa jamaa siwezi, nipelekeni mbali, huyo asikilizwe maana anajijua.

Mkifikia kuamua soba basi msilipe kabla hamjaenda kwa miguu yenu mkaona. Ulizeni wamesajiliwa wapi, ulizeni nesi ni nani na anakuja lini, ulizeni mtu akiingia na arosto wanamfanyia nini siku tatu za kwanza. Ulizeni kama mtu aliye kwenye methadone, ARV au dawa za TB anaruhusiwa kuendelea nazo, wakisema hapa dawa zote mwiko ondokeni. Ulizeni anapigiwa simu lini na mnamtembelea lini. Mkiona mnyororo, mkiona mtu ana makovu ya fimbo, mkiambiwa miezi miwili ya mwanzo hakuna kumuona kabisa, hiyo sio tiba, hata kama mwenye nyumba ana maneno matamu. Na swali ambalo wengi mnalisahau: akitoka, nani anamfuatilia? Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119, pigeni muulize kuhusu nyumba yoyote kabla hela haijatoka mkononi.

Kuhusu hizi siku za yuko tayari, siku nyingine kakimbia. Hiyo ni kawaida, msiichukulie kama dharau. Cha kufanya ni kujiandaa nyie ili siku akisema ndiyo asubuhi, saa hiyo hiyo mmeshavaa viatu. Msiseme tusubiri jumatatu, msiseme baba arudi kwanza. Wewe nenda kliniki peke yako hata wiki hii, uliza utaratibu wa kumpokea mpya, mara nyingi kuna asasi zinazofanya kazi mitaani na vijana hawa ndo zinawaandaa na kuwaleta, wachukue namba yako. Watampima mkojo, watampima VVU, homa ya ini na TB, hivyo vyote ni muhimu kwa mtu aliyechangia sindano. Akikutwa na TB waambieni kliniki siku hiyo hiyo, maana rifampicin iliyomo kwenye dawa za TB inapunguza nguvu ya methadone mwilini, na baadhi ya ARV hivyo hivyo, daktari lazima arekebishe dozi. Wengi wamekimbia kliniki wakidhani methadone imekataa kumbe ni hilo tu.

Nauli usimpe mkononi miezi ya mwanzo, panda nae, au mpangiane wewe na mama na binamu. Akikosa siku moja arudi kesho yake asione aibu, akikosa tatu mfululizo lazima aseme ukweli dirishani kwa sababu dozi itabidi ishushwe, akidanganya apewe ile ile ya mwanzo inaweza kumzidi. Akishatulia muulizeni daktari kama kuna uwezekano wa kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, hapo ndo kazi ya bajaji inaanza kuwezekana tena.

Muda nao mjipange. Tiba ya chini ya siku 90, iwe ya kulala au ya kwenda na kurudi, kwa kawaida haitoshi, na methadone ni mwaka mmoja kwenda mbele, wengine miaka. Asiwahishwe kushushwa dozi kwa sababu ukoo umechoka kumuona anaenda kliniki. Akiteleza akapiga siku moja mrudisheni dirishani, msimfukuze.

Shamba liacheni lilimwe. Atahitaji pa kufanyia kazi.

SWALI: Habari anti. Mume wangu ni mnywaji, tupo Mafinga. Zamani ilikuwa ulanzi tu kwenye msimu wake ila siku hizi ni pombe kali toka asubuhi, akiamka mikono inatetemeka mpaka apate kwanza ndo anaweza kushika hata kikombe cha chai. Shemeji zangu wamepanga wamfungie stoo wiki nzima na chakula na maji, wanasema jirani yao aliacha unga hivyo hivyo. Mi naogopa ila wanasema namdekeza. (Mke, Mafinga)

JIBU: Mama, uoga wako ni wa kweli, usiwaache wamfungie hata usiku mmoja.

Watu wanachanganya hivi vitu na ndo maana nafurahi umeuliza kabla. Arosto ya unga inatesa vibaya sana lakini mara chache inaua yenyewe. Ya pombe kwa mtu anayetetemeka asubuhi mpaka anywe ndo inaua. Akikatishwa ghafla, ndani ya siku moja mbili anaweza kupata degedege, siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kuona vitu ambavyo havipo, wadudu ukutani, watu wanamfuata, joto linapanda, moyo unakwenda mbio, na akiwa stoo mlango umefungwa hakuna atakayemuona anapoanguka. Shemeji zako wanampenda ndugu yao, waambie hivyo hivyo nilivyoandika, au waende wote wakamsikilize daktari.

Kwa hiyo hapa jibu langu ni kinyume na la dada wa Uyole, huyu wako alale ndani, ila ndani ya hospitali, sio stoo na sio soba kwa kuanzia. Mpelekeni hospitali hapo hapo Mafinga, semeni ukweli anakunywa nini, kiasi gani, lini mara ya mwisho, na kama ameshawahi kuanguka degedege. Watamuweka siku chache, watampa dawa za kutuliza mwili kama diazepam wakizipunguza kila siku, na vitamini B1 ambayo walevi wengi inawaishia mwilini na ikikosekana ubongo unaharibika. Mpaka mfike huko asiache ghafla, najua inauma kusikia hivi kwa mke aliyechoka, lakini kiasi kidogo cha kumzuia kutetemeka njiani ni salama kuliko kukata kabisa akiwa nyumbani.

Hizo siku chache zikipita ndo mnaweza kwenda na kurudi, ushauri kila wiki, na kama nyumbani pombe haiingii na kazi yake haimuweki kilabuni anaweza kabisa kupona akiwa analala kitandani kwake. Methadone haimuhusu, mtu akikuuzia methadone ya pombe ni muongo. Na wewe tafuta wa kuongea nae, dada, mchungaji, nesi, yeyote unayemuamini, maana umebeba hili kwa muda mrefu peke yako.

SWALI: Anti mambo. Mi ni wa Tukuyu, nipo soba Dar mwezi wa nne sasa, sijagusa unga toka nimeingia, sikutumia methadone. Wiki ijayo natoka narudi nyumbani. Nina furaha ila usiku silali, maskani niliyoacha iko karibu na kwetu na wale jamaa bado wapo. (Kijana, njiani kurudi)

JIBU: Poa mwanangu, na hongera. Kutokulala kwako kunanipa moyo, wanaojiona wamemaliza kabisa ndo wananipa wasiwasi.

Nimeshaeleza hapo juu kuhusu mwili uliosahau, soma tena pale, nakusihi. Hauna tena ule uvumilivu uliokuwa nao. Kuonja kidogo tu kwa kiasi cha zamani ndo kulikoondoka na wenzako wengi. Kama ikitokea umeteleza, Mungu apishe mbali, usipige peke yako chumbani umefunga mlango, na mtu wa nyumbani ajue kabisa kwamba akikukuta hauamki, midomo imekuwa ya bluu, unakoroma kwa shida, akuweke kiubavu na kukukimbiza hospitali saa hiyo hiyo, ipo dawa ya kumzindua mtu inaitwa naloxone ila inabidi ufike. Waambie mama na kaka yako maneno haya kabla, ukiwa na akili timamu, sio aibu.

Basi lako litapita Uyole na wewe utataka kushuka hapo ushike gari la Tukuyu. Usishuke. Nenda mpaka mjini, ukalale kwa ndugu, asubuhi upite kliniki ya Rufaa ujitambulishe. Hawatakupa methadone kwa sababu tu umefika, saa hizi mwili wako hauna arosto, ila watakufungulia faili, watakupa mshauri, na siku moyo ukianza kuvutwa utakuwa na mlango unaoujua badala ya kuanza kuutafuta ukiwa umeshapiga. Ukiona unavutwa kila siku waambie, methadone haifuti hii miezi uliyoipambania.

Nyumbani omba ulale kwa mjomba au bibi miezi ya mwanzo kama kuna uwezekano, hata kama ni Kiwira au Katumba, mbali na ile maskani kiasi kwamba kufika kunahitaji nauli. Chukua namba za wenzako wawili watatu wa soba mnaoaminiana na mpangiane siku za kupigiana, sio mpaka mtu azidiwe. Shughuli yoyote itakayokutoa kitandani alfajiri ikubali, kuchuma chai, kupakia ndizi, chochote, kwa sababu siku isiyo na kazi ndo ndefu kuliko zote. Na zile namba za waliokuwa wanakuuzia zifute huko huko Dar kabla hujapanda basi, alafu badilisha na laini.